"Umekunywa Nini?" Chai ya Wanawake wa Congo na Mzani wa Molekuli

Wakati wa mvua zilizopita, jirani yetu mmoja alishikwa na uchungu usiku. Barabara ya zoni yetu ilikuwa matope matupu, gari la wagonjwa likachelewa. Mama mkwe wake alikuwa na majani makavu kwenye kitambaa, yale yale aliyovuka nayo ziwa tulipokimbia. Akayachemsha, dada akanywa. Alfajiri walipofika kituo cha afya uchungu ulikuwa unakuja mfululizo, bila kumpa nafasi ya kupumua. Muuguzi akauliza kwa ukali, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi: "Umekunywa nini?"

Dada akajibu: "Sijakunywa kitu."

Alipelekwa hospitali kwa rufaa, akafanyiwa upasuaji. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto wote wako hai. Lakini sisi kwenye kikundi hatukuweza kuacha kuwaza habari ile. Tulipokwenda kumwona mama mkwe tulimuuliza kwa upole kwa nini hawakusema ukweli. Akatuambia: "Wangeniuliza vizuri ningesema. Waliuliza kama polisi wa barabarani."

Ndiyo maana makala yetu ya historia safari hii inahusu swali hilo hilo. Kuna daktari mmoja aliyewahi kukutana na wanawake waliokunywa chai kama ile, huko huko Congo, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Yeye naye alikuwa mfanyakazi wa msaada, kama wengi wenu mnaotusoma. Yeye alitaka kujua kweli. Na jibu lake lilichukua miaka mingi sana kukamilika, kwa sababu mashine za kulisoma zilikuwa bado hazijafika zinapotakiwa.

Tuanze mwanzo.

Congo, miaka ya kwanza ya uhuru

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Wazee wetu bado wanaisimulia furaha ya siku ile, na pia wanasimulia jinsi ilivyoisha upesi. Mwezi Julai Katanga ikajitangaza nchi. Mwezi Agosti Kasai Kusini nayo ikajitenga. Watu wakaanza kukimbia, wengine kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, wengine kuvuka mipaka. Madaktari wengi Wabelgiji waliondoka, hospitali zikabaki na wauguzi wachache. Hapo ndipo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine walipoleta madaktari kutoka nchi mbalimbali.

Mmoja wa madaktari wa Msalaba Mwekundu alikuwa Mnorwe, jina lake Lorents Gran. Katika kazi yake alikutana na akina mama waliokuwa wanakunywa chai fulani wakati wa kujifungua, ili uchungu uende haraka na mtoto atoke. Chai hiyo ilipikwa kwa mmea mdogo, mwembamba, ambao ukipita njiani unaweza kuukanyaga bila kujua. Wenyewe waliuita kalata-kalata. Wataalamu wa mimea wanauita Oldenlandia affinis, na kwa ukoo ni ndugu wa kahawa, ile ile ya mashamba ya Kivu.

Sasa fikiria hali ya daktari huyo. Vita viko karibu, dawa hazitoshi, wagonjwa wamejaa. Ingekuwa rahisi kabisa kusema "haya ni mambo ya kijijini" na kuendelea na kazi. Au kuwafokea wanawake ili waache. Yeye aliona kwamba chai ile inafanya kazi kweli kwenye mfuko wa uzazi, tena kwa nguvu. Akachukulia maneno ya wale wanawake kama taarifa, akauchunguza mmea wao maabara. Kuanzia 1970 alianza kuchapisha alichokiona.

Kitu kinachokataa kufa kwenye sufuria

Kazi ya kwanza ya mtu anayechunguza dawa ya mmea ni kutenganisha. Jani moja lina mamia ya kemikali, na pengine ni moja au mbili tu zinazofanya kazi unayoitafuta. Kwa hiyo unachemsha au unaloweka, unapata dondoo, unaligawa mafungu, halafu unajaribu kila fungu. Fungu lisilofanya kitu unaweka pembeni. Linalofanya kazi unaligawa tena. Ni kama kutafuta nani kwenye bloku ameficha ndoo yako: unauliza mstari kwa mstari, halafu nyumba kwa nyumba.

Gran alijaribu mafungu yake kwenye vipande vya mfuko wa uzazi wa panya, akiangalia ni fungu gani linavifanya vijikaze. Mwisho akapata kitu kilicho safi vya kutosha, na matokeo yakachapishwa mwaka 1973. Kilikuwa peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vitu vile vile vinavyojenga protini za nyama na maharage. Akaiita kalata B1. Kwa hiyo jina walilolisema akina mama wa Congo likaingia kwenye vitabu vya kemia, na liko humo mpaka leo.

Lakini hapo kulikuwa na fumbo. Peptidi kwa kawaida ni kitu dhaifu. Ukiila, tumbo linaikata vipande kama linavyofanya kwa maharage, na moto na joto huiharibu. Chukua oksitosini, dawa inayotumika hospitali kuongeza uchungu na kuzuia damu isimwagike baada ya kujifungua. Nayo ni peptidi, ina asidi amino 9 tu. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara Marekani mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Ni dawa ambayo imeokoa akina mama wengi duniani. Lakini ni lazima ichomwe kwa sindano, na inatakiwa kuhifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 2 mpaka 8. Yeyote aliyefanya kazi kwenye zahanati ya kambi anajua maana ya jokofu pale jenereta inapozima.

Kumbe hawa wanawake walikuwa wanachemsha peptidi kwenye sufuria, wanainywa kwa mdomo, na bado inafanya kazi! Inawezekanaje?

Gran na mwenzake wa kemia, Knut Sletten, walijaribu kuisoma. Njia ya wakati ule ya kusoma peptidi ilikuwa kuanza ncha moja ya mnyororo na kung'oa asidi amino moja moja, kama mtu anayehesabu shanga za mkufu uliofunguliwa. Kwa kalata B1 hawakupata pa kuanzia. Ncha haikuonekana. Muundo wake kamili ukabaki haujulikani kwa zaidi ya miaka 20.

Mzani wenyewe ni upi?

Tukiacha kalata kidogo, twende Uingereza, kwa sababu chombo kilichokuja kusaidia kina historia yake.

Mama zetu wote wanajua kupepeta. Unarusha mchele kwenye ungo, upepo unapita, pumba nyepesi zinakwenda mbali, punje nzito zinarudi karibu. Hujapima kitu chochote kwa mizani, lakini umetenganisha kwa uzito. Spektrometa ya masi ni ungo wa namna hiyo kwa ajili ya atomi na molekuli. Sisi kwenye kikundi tunaiita "mzani wa molekuli" ili tuelewane. Kwanza molekuli inapewa chaji ya umeme. Halafu inarushwa ndani ya chombo ambacho hewa yake imefyonzwa yote, ili isigongane na kitu. Kisha sumaku au umeme unaivuta pembeni. Kama chaji ni sawa na mwendo ni sawa, nyepesi inapinda sana na nzito inapinda kidogo. Ukiangalia ilipoangukia, unajua uzito wake.

J. J. Thomson wa Cambridge alikuwa wa kwanza kutenganisha hivyo atomi za kitu kimoja. Karibu na mwaka 1912 alipitisha gesi ya neoni, akaona alama mbili badala ya moja: uzito wa 20 na uzito wa 22. Neoni ileile, lakini za aina mbili! Mwanafunzi na msaidizi wake, Francis Aston, akatengeneza chombo bora zaidi mwaka 1919 na kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1922. Vyombo vya siku zile vilikuwa sumaku kubwa na mabomba ya kioo, vitu vya kujaza chumba na kumaliza bajeti ya chuo.

Mwaka 1953 Mjerumani Wolfgang Paul akaonyesha kwamba sumaku kubwa si lazima. Fito nne za chuma zilizopangwa sambamba, zikipewa umeme unaobadilika haraka, zinaweza kuchuja molekuli kwa uzito: inapita ile unayoitaka, nyingine zinagonga pembeni. Kwa watu wa bei nafuu, hii ndiyo hatua kubwa. Mashine nyingi ndogo za leo ni watoto na wajukuu wa wazo hilo. Paul alipewa Nobel mwaka 1989.

Lakini lilibaki tatizo moja, na ndilo lililozuia fumbo la kalata. Ili upime molekuli ilikuwa lazima kwanza iwe mvuke. Ndogo zinakubali. Peptidi na protini ukizipasha mpaka ziwe mvuke zinaungua au kuvunjika, kama mtu anayetaka kupima uzito wa yai kwa kulitupa kwenye mzani. Suluhisho lilipatikana miaka ya 1980. John Fenn wa Marekani alipuliza kimiminika kupitia sindano nyembamba yenye umeme, kikatoka kama ukungu, matone yakakauka hewani na kuziacha molekuli nzima zikielea na chaji yake. Koichi Tanaka wa Japani, mhandisi wa kampuni moja ya vyombo huko Kyoto, alitumia mwanga wa leza kuzirusha. Wote wawili walipewa Nobel mwaka 2002. Na aliyegawana nao tuzo mwaka huo ni Kurt Wüthrich wa Uswisi, kwa njia ya kuchora umbo la protini ndani ya maji kwa kutumia sumaku kali, njia inayoitwa NMR. Kumbukeni jina hilo, NMR, tunalihitaji sasa hivi.

Pete yenye fundo

Mwaka 1995 kikundi cha watafiti wa Australia na Norwe, akiwemo Sletten yule yule na David Craik wa Chuo Kikuu cha Queensland, kilichapisha muundo kamili wa kalata B1. Kwa nini ncha haikuonekana tangu 1973? Kwa sababu haikuwepo. Mnyororo umeungana mwanzo na mwisho, ni pete. Una asidi amino 29, na katikati ya pete kuna vifungo vitatu vya salfa vilivyopitana mpaka vikafanya fundo. Umbo hilo ndilo NMR ilionyesha.

Mzani wa molekuli nao unaweza kulitambua jambo hili kwa hesabu ya mtoto wa darasa la saba. Asidi amino mbili zikishikana, molekuli moja ya maji inatoka, na maji yana uzito wa 18. Mnyororo wa wazi una kiungo kimoja pungufu kuliko pete. Kwa hiyo pete ni nyepesi kwa 18 kuliko mnyororo wa shanga zile zile. Kalata B1 ina uzito wa takriban 2,890. Ukikata pete mahali pamoja, uzito unapanda mpaka karibu 2,908. Tofauti ya 18 katika karibu 3,000! Kwa jicho huioni, kwa kuonja huijui, lakini mzani mzuri unaiona bila shida.

Na hapo ndipo sufuria ya akina mama ilipopata maelezo yake. Baadhi ya vimeng'enya vya kusaga chakula huanza kula mnyororo kwenye ncha. Hakuna ncha, hakuna pa kung'ata. Fundo la katikati linaishika pete isifunguke hata maji yakichemka. Wanawake walikuwa sahihi kuchemsha, hakuna kilichoharibika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Peptidi za aina hiyo zikaonekana kwenye mimea mingine mingi. Mwaka 1999 Craik na wenzake wakazipa jina la pamoja, saiklotidi. Mwaka 2001 ikajulikana faida yake kwa mmea wenyewe: viwavi wakilishwa kalata B1 hawakui vizuri, kwa hiyo ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Australia leo kuna dawa ya kupulizia mashamba iliyotokana na Clitoria ternatea, ule mmea unaotambaa wenye ua la buluu, ambao nao una saiklotidi nyingi. Mwaka 2013 watafiti wakiwemo wa Vienna walionyesha kwamba moja ya ndugu zake, kalata B7, inakamata kipokezi kile kile ambacho oksitosini hukikamata kwenye seli. Yaani chai ilikuwa inabonyeza kitufe kile kile cha dawa ya hospitali. Na mwaka 2016 kalata B1 iliyobadilishwa sehemu moja tu ilionyeshwa kupunguza, kwa panya, ugonjwa unaofanana na ule wa binadamu uitwao multiple sclerosis, ambao mwili unashambulia mishipa yake wenyewe ya fahamu.

Kutoka chai ya kienyeji mpaka huko. Si jambo dogo.

Ila tuseme upande wa pili pia

Hapa tunaomba msitukimbie, hasa dada zetu. Historia hii haisemi "kunyweni mitishamba". Inasema karibu kinyume chake. Kama chai inabonyeza kitufe cha oksitosini, basi ni dawa kweli, na dawa kweli inaweza kuua. Hospitalini oksitosini inapimwa kwa matone, muuguzi anahesabu, uchungu ukizidi dripu inafungwa. Sufuria haina pa kufungia. Majani ya msimu wa mvua na ya kiangazi hayana nguvu sawa. Mfuko wa uzazi ukikazwa kupita kiasi unaweza kupasuka, na mtoto anaweza kukosa hewa. Tena, mama aliyekwisha kunywa chai halafu akawekewa dripu bila kusema, anapewa dawa mbili juu ya nyingine. Baadhi ya saiklotidi zimeonekana maabara kupasua chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo bango la kituo cha afya linalosema msitumie dawa za kienyeji wakati wa kujifungua halikuandikwa kwa dharau. Lina sababu.

Tatizo letu ni namna swali linavyoulizwa. Muuguzi akiuliza "umekunywa nini?" huku amekunja uso, atapata jibu la "sijakunywa kitu", na jibu hilo ndilo la hatari kuliko chai yenyewe. Akiuliza kama mtu anayetaka kujua, atapata jina la mmea, saa iliyonywewa na kiasi, na atajua afanye nini na dripu yake. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, hili tunalisema kwa heshima: Gran hakuwa na mashine yoyote kubwa siku ya kwanza. Alikuwa na swali lililoulizwa vizuri.

Mzani unashuka bei

Sasa kwa nini sisi vijana wa kambini tuhangaike na mashine za maabara? Kwa sababu mzani huu unazidi kuwa mdogo, na hilo linabadilisha nani anaweza kuuliza.

Mashine kamili bado ni ghali. Tunazungumzia makumi ya maelfu mpaka mamia ya maelfu ya dola, na bei ya kununua ni mwanzo tu: inataka umeme usiokatika, pampu za kufyonza hewa, gesi safi, na fundi anayejua kuirekebisha. Chuo kinaweza kupewa mashine ya msaada ikakaa chini ya turubai miaka mitano kwa kukosa spea moja.

Lakini tazama njia zinazofunguka. Graham Cooks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitengeneza mashine ya kubeba yenye kilo 10, wakaielezea mwaka 2006. Ni uzito wa mfuko mdogo wa unga wa mgao! Mwaka 2010 kikundi hicho kikaonyesha njia ya karatasi: unakata karatasi pembe tatu, unaweka tone la sampuli, unatia kimiminika kidogo na umeme, na molekuli zinaruka kutoka kwenye ncha ya karatasi moja kwa moja hadi ndani ya mashine. Kazi iliyochukua saa nyingi za kusafisha inakuwa dakika. Njia za namna hii zimetumika kukagua vidonge bandia vya malaria, na sisi tunaoishi mahali ambapo malaria haina likizo tunajua kidonge cha chokaa kinaweza kufanya nini.

Mwaka 2016 kukatangazwa pia maktaba ya intaneti iitwayo GNPS, iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mashine ikivunja molekuli, vipande vyake huacha alama za uzito, kama vigae vya chungu ambavyo fundi akiviona anajua ni chungu gani. GNPS inakusanya alama hizo kutoka duniani kote, na mtu yeyote anaweza kulinganisha za kwake bila kulipa. Kwa hiyo anayefanya uchambuzi si lazima awe na mashine nyumbani kwake. Sampuli inaweza kupimwa chuo kimoja cha mkoa, na kijana mwenye kompyuta na data za kutosha akafanya ulinganisho mahali pengine.

Na kabla ya yote hayo ipo kromatografia ya karatasi au ya kibao chembamba, ambayo ni mtoto wa shule anaweza kuijaribu. Weka doa la wino wa kalamu kwenye karatasi ya kuchujia, chovya ncha kwenye maji, tazama rangi zinavyopandana na kuachana. Haikupi uzito, lakini inakuonyesha kama kitu ni kimoja au ni mchanganyiko. Wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi maskini wamekuwa wakibeba vifaa vya namna hiyo ndani ya sanduku kwa miaka mingi.

Nchi zinazotuhifadhi nazo hazijalala. Taasisi ya icipe jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo, inatumia mizani ya molekuli kusoma harufu ambazo mimea na wadudu huitana nazo. Dar es Salaam, pale Muhimbili, kuna Taasisi ya Tiba Asili. Tunayataja ili mwenzetu anayesoma kemia kwa mwanga wa simu ajue kwamba njia haiishii Ulaya.

Nani ameandikwa, nani hakuandikwa

Tulipoisoma historia hii pamoja, mwenzetu mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha. Jina la daktari tunalo. Jina la mmea tunalo. Majina ya maprofesa tunayo. Na yule mama aliyeinua kikombe? Kila mahali anaitwa "wanawake wa Congo" tu.

Tuseme ukweli, jina kalata kubaki ni heshima ambayo mimea mingi ya Afrika haikuipata. Gran angeweza kuiita kwa jina lake. Lakini miaka ile hapakuwa na sheria inayomtaka mtafiti akubaliane kwanza na wenye maarifa. Mkataba wa Bioanuwai ulikuja mwaka 1992. Itifaki ya Nagoya, inayosema wazi kwamba jamii yenye maarifa ya mimea iombwe ridhaa na igawiwe faida, ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014.

Kwetu wakimbizi jambo hili lina ugumu wake. Sheria hizo zinazungumza juu ya jamii na ardhi yake. Bibi zetu wamebeba maarifa ya Fizi, Uvira, Makamba na Bururi, lakini wako kwenye ardhi ya watu wengine, na miti mingine haioti huku. Bibi akifa kambini, yale majina ya majani yanazikwa naye. Hakuna mzani, wa dola elfu moja au milioni, unaoweza kupima kitu ambacho hakuna tena anayejua kukichuma.

Kwa hiyo kikundi chetu kimekubaliana mambo machache, nasi tunawaomba wenzetu wa kambi nyingine mtusaidie kuyaboresha.

Kwanza, tumeanza daftari la mimea. Kila mmea tunaandika majina yake yote tunayoyapata, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kiswahili, kwa sababu jina moja linaweza kuitwa mimea miwili tofauti. Tunakausha tawi lenye ua katikati ya magazeti, chini ya matofali, kwa sababu bila tawi hilo mtaalamu hawezi kujua kwa hakika ni mmea gani. Pili, tunaandika aliyetuambia, kama amekubali, na mwezi na mahali. Tatu, hatuweki vipimo wala namna ya kupika kwenye mtandao, na hatumpi mtu yeyote dawa. Sisi si waganga. Nne, tumekaa na wahudumu wa afya ya jamii wa zoni yetu, tukakubaliana nao swali la kumuuliza mama mjamzito, faraghani, likianza hivi: "Mama, kuna kitu chochote umekunywa au umepaka cha kukusaidia? Hatutakugombeza, tunataka dawa zisigongane."

Juzi tulirudi kwa yule mama mkwe na daftari letu. Alikataa mwanzoni, akasema tutampeleka kwa wakubwa. Tukamsomea habari ya kalata-kalata kuanzia mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Kwa hiyo huyo mzungu aliuliza tu?" Tukasema ndiyo, aliuliza, halafu akapima. Akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa, akafungua fundo. Majani yalikuwa yamebaki kidogo sana. Alituambia jina lake, kijiji yanakoota, na mama aliyemfundisha. Tumeandika majina yote matatu, na kwenye mstari wa nne tumeacha nafasi wazi, kwa ajili ya siku ambayo mmoja wetu atapata mzani.

Wewe unayesoma, kama kwenye kambi yako kuna mzee anayejua miti, mwulizeni wiki hii. Na kama wewe ni muuguzi au mfanyakazi wa shirika, tuandikie namna unavyouliza lile swali kituoni kwako. Tutakusanya majibu na kuyarudisha hapa.